Wahun: Asili Yao na Kuenea Kwao Mpaka Ulaya

Kila mwaka, katika masomo ya historia ya Eklezya, tunasikia namna Papa Mtakatifu Leo Mkuu alivyokwenda kuonana na Attila, mfalme wa Wahun, na namna Attila alivyorudi nyuma bila kufika Roma. Habari hiyo tunaipenda sana, na katekista akiisimulia watu hunyamaza wote. Lakini mtu akituuliza: Wahun hao walikuwa watu gani? Walitoka wapi? Nani aliwafungulia njia mpaka Italia? wengi wetu tunakosa neno la kumjibu. Wengine huongeza mara moja Mitume wawili angani wenye panga, bila kujua maneno hayo yaliingia lini katika hadisi. Kwa hiyo tumeona vema kuieleza habari hii tangu mwanzo wake.

Neno moja kwanza juu ya jina. Tunaandika Wahun, wala hatuandiki Wahuni. Katika luga yetu mhuni ni mtu asiye na makao wala adabu, na maneno haya mawili hayana udugu. Waroma wangalifurahi kama wangalijua mfanano huo, kwa maana ndivyo walivyowaona watu hawa. Lakini kazi ya historia si kutukana.

Watu wa mbuga

Kutoka kaskazini ya Uchina mpaka uwanda wa Hungaria kuna mbuga za majani zinazofuatana, inchi za wachungaji na farasi. Huko watu hawategemei shamba. Hutegemea majani na maji. Mvua ikipungua wanahama, na wakihama wanamsukuma jirani, na jirani anamsukuma mwingine. Hivi vita iliyoanza mashariki sana inaweza kutikisa inchi ya magaribi, na watu wa magaribi wasijue hata jina la mtu aliyeianza.

Wachina wa zamani walikuwa na maadui kaskazini yao, wakawaita Xiongnu. Mwaka wa 209 kabla ya Kristu mkubwa wao, jina lake Modu, aliunganisha makabila mengi chini ya mkono wake, hata wafalme wa Uchina wakalazimika kumpelekea hariri, nafaka na mabinti wa ukoo wa kifalme ili wapate amani. Katika karne ya 18 Mfaransa mmoja mwenye elimu, Joseph de Guignes, aliandika kwamba Xiongnu hao ndio babu wa Wahun. Tangu siku zile wataalamu wanashindana. Wanaokataa wanasema: kati ya kupotea kwa Xiongnu wa kaskazini na kutokea kwa Wahun imepita miaka mia mbili na zaidi. Wanaokubali wanaonyesha barua za wafanyabiashara Wasogdi, zilizopatikana na Aurel Stein mwaka wa 1907 karibu na Dunhuang; katika moja, iliyoandikwa karibu mwaka wa 313, watu walioharibu mji wa Luoyang wanaitwa kwa jina lililo sawa na Hun. Mwaka wa 2025 wachunguzi wa mifupa ya kale walitangaza kwamba katika makaburi ya Hungaria walipata watu wachache wenye ukoo unaofikia wakubwa wa Xiongnu, lakini watu wengi katika makaburi hayo walikuwa wa asili mbalimbali. Sisi twaona jambo hilo linapatanisha pande zote mbili: jina na damu ya wakubwa fulani ilitoka mbali, lakini taifa lenyewe lilikusanyika njiani.

Silaha yao kubwa ilikuwa upinde. Haukuwa upinde wa mti mtupu. Uliunganishwa kwa mti, pembe na mishipa ya nyama, vyote vikishikwa kwa gundi; ulikuwa mfupi, hata mtu aliweza kuutumia juu ya farasi, lakini mshale wake ulikwenda mbali kwa nguvu kubwa. Mpanda farasi wa Wahun alipiga huku anakimbia, akageuka kana kwamba anakimbizwa, akapiga tena. Jeshi la miguu, hata likiwa hodari, halikujua limshike nani.

Mwandishi Ammianus Marcellinus, aliyekuwa afisa wa jeshi la Roma, alieleza desturi zao: kwamba walikula nyama mbichi iliyotiwa moto kidogo chini ya mapaja yao, kwamba waliogopa kuingia nyumbani, kwamba walilala juu ya farasi. Tusikubali yote. Wasomaji wetu wanajua vizuri namna mgeni anavyoandika juu ya watu ambao hakuketi nao hata siku moja. Lakini tusiyatupe yote pia, kwa maana Ammianus ndiye anayetueleza namna mambo yalivyoanza, na katika jambo hilo hakuwaficha hata wakubwa wa Waroma wenzake.

Wakimbizi kando ya Danube

Karibu mwaka wa 370 Wahun walivuka mto Volga wakawashambulia Waalani, wachungaji kama wao, waliokaa mpaka mto Don. Wengine wa Waalani waliuawa, wengine wakatiwa katika jeshi la washindi. Tulishike neno hili la pili, kwa maana tutalikuta tena mpaka mwisho: aliyeshindwa leo ndiye askari wa kesho. Kisha wakawaangukia Wagoti wa mashariki. Mfalme wao Ermanaric, mzee aliyeogopwa na majirani wote, alijiua mwenyewe. Aliyemfuata akafa vitani. Mkubwa wa Wagoti wengine, Athanaric, alipanga jeshi lake kando ya mto Dniester, akatuma walinzi mbele. Wahun wakawapita walinzi, wakavuka mto usiku kwa mwanga wa mwezi, wakamkuta hajajiandaa.

Basi mwaka wa 376 makundi makubwa ya Wagoti, wanaume, wanawake na watoto, yalifika kando ya mto Danube, mpaka wa dola ya Roma, yakaomba ruhusa ya kuvuka. Hatuna haja ya kueleza maana ya neno mkimbizi kwa wasomaji wa gazeti hili. Kaisari Valens, aliyekuwa Antiokia, alikubali: alitaka askari wapya. Lakini kazi ya kuwapokea iliwekwa mikononi mwa maafisa wawili, Lupicinus na Maximus. Chakula kilichowapasa wakimbizi kiligeuka biashara. Njaa ilipozidi, maafisa wakakusanya imbwa kila mahali, wakawauza kwa Wagoti wawale: imbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Katika watumwa hao walikuwemo hata watoto wa wakubwa. Mzazi alimtoa mwanawe ili wale waliobaki wasife.

Yaliyofuata yanajulikana. Wagoti waliasi, wapanda farasi wa Wahun na Waalani wakaja kujiunga nao kwa tamaa ya mateka, tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople, jeshi la Valens liliangamizwa. Ammianus anasema sehemu mbili katika tatu za jeshi zilikufa. Kaisari mwenyewe alikufa, na maiti yake haikuonekana. Huwa tunasema kwamba Wahun waliivunja Roma. Lakini katika vita hiyo ya kwanza iliyovunja kiburi cha Roma Wahun walikuwa wachache tu: Roma ilipigwa na wakimbizi iliowapokea na kuwanyonya.

Mwaka wa 395 Wahun wengine walipita katika milima ya Kaukazi, wakaharibu Armenia na Kapadokia, wakafika mpaka Siria. Mtakatifu Yeronimo alikuwa Betlehemu wakati ule. Katika barua zake anasimulia namna walivyotayarisha mashua, wakakaa pwani wakiwa tayari kukimbia, na kwamba hakujihofia yeye mwenyewe kama alivyowahofia mabikira waliokuwa chini ya ulinzi wake.

Tangu wakati huo kila kitu kinasukumana. Usiku wa mwisho wa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka mto Rhine. Wataalamu wengi wanaona kwamba Wahun, waliokuwa wakisogea kuelekea uwanda wa Hungaria, ndio waliowasukuma. Tarehe 24 Agosti 410 Alaric na Wagoti wake waliingia Roma, na kutokana na kilio cha siku zile Mtakatifu Augustino alianza kuandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Mwaka wa 429 Wavandali walivuka bahari wakaingia Afrika ya kaskazini. Tarehe 28 Agosti 430 Augustino alifariki katika mji wake wa Hippo, Wavandali wakiwa wameuzunguka. Hakuna Mhun aliyekanyaga udongo wa Hippo. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini askofu yule mzee alikufa ndani ya mji uliofungwa na maadui, inampasa aanze kutafuta kwenye mbuga za Volga.

Tusisahau kwamba katika miaka ileile Eklezya haikuwatazama watu hawa kama adui tu. Mtakatifu Yoane Krizostomo, alipokuwa askofu wa Konstantinopoli, alituma wahubiri kwa wachungaji wa kuhamahama kando ya Danube. Na Theotimus, askofu wa Tomi kwenye Bahari Nyeusi, aliwapa Wahun waliopita chakula na zawadi, hata wakamwita mungu wa Waroma. Kazi hizo hazikuzaa taifa la kikristu. Zilifanywa kwa miaka michache, na watu wachache, kati ya vita mbili.

Zahabu ya Roma

Mwanzoni Wahun hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na wakubwa wengi, na kila mmoja alijitafutia. Mmoja wao, Uldin, karibu mwaka wa 400 alimwua jemadari mwasi Gainas akapeleka kichwa chake Konstantinopoli. Mwaka wa 406 aliwasaidia Waroma katika Italia. Mwaka wa 408 akawashambulia Waroma walewale. Kwake vita ilikuwa kazi ya mshahara. Waroma nao walifanya hivyo. Jemadari Aetius, aliyekaa kwao kama rehani katika ujana wake, aliwajua vizuri, akawatumia kila mara alipotaka kumshinda adui wa inje au mshindani wa ndani. Mara nyingi sana Wahun waliingia inchi za Roma kwa kuitwa.

Feza hiyo ndiyo iliyofanya ufalme. Mkubwa aliyepokea zahabu nyingi kutoka Roma aliweza kuwagawia wakubwa wengine, na wote wakamfuata. Mfalme Rua alipata ratili 350 za zahabu kila mwaka kutoka Konstantinopoli. Alipokufa, karibu mwaka wa 434, watoto wa ndugu yake, Bleda na Attila, walirithi nafasi yake, wakakutana na wajumbe wa Kaisari karibu na mji wa Margus kando ya Danube. Wahun walikataa kushuka juu ya farasi. Waroma nao, kwa kuogopa kuonekana wadogo, wakabaki juu ya farasi zao. Maneno yaliyokatwa pale juu ya matandiko yalikuwa haya: malipo yapande mpaka ratili 700, kila mateka wa Roma aliyetoroka alipiwe sarafu nane za zahabu, na wakimbizi wote wa Kihun warudishwe. Waroma wakarudisha. Kati ya waliorudishwa walikuwemo vijana wawili wa ukoo wa kifalme, Mama na Atakam. Walitundikwa msalabani.

Mwaka wa 441 Kaisari Theodosius wa Pili alikuwa ametuma jeshi lake kuelekea Afrika, kwa sababu Wavandali walikuwa wameteka Kartago mwaka wa 439. Danube ikabaki bila walinzi wa kutosha. Attila na Bleda wakavuka. Hapa historia inatuonyesha maaskofu wawili, na tungependa kukaa nao kidogo.

Wa kwanza ni askofu wa Margus. Wahun walimshitaki kwamba alivuka mto akafukua makaburi ya wafalme wao na kuiba hazina. Waroma walikana, lakini watu wakaanza kusema: afazali atolewe mtu mmoja, wengine tupone. Askofu alipoyasikia hayo alitoka kwa siri akaenda kwa Wahun, akaahidi kuwapa mji kama watamtendea mema. Usiku aliwaficha askari wao kando ya mto, akatoa ishara, milango ikafunguliwa, mji wake ukaharibiwa. Kama aliyaiba makaburi au hakuyaiba, mwandishi Priscus hasemi. Sisi tunaona swali hilo ni dogo kuliko la pili.

Mwingine ni askofu wa Sirmium. Mji wake ulipozungukwa, alichukua vyombo vya zahabu vya kanisa akamkabizi Constantius, mwandishi wa Attila, mtu kutoka Galia, kwa agano hili: mji ukitekwa na mimi nikiwa hai, vyombo hivi vinikomboe, nikiwa nimekufa, viwakomboe watu wangu walio mateka. Mji ukatekwa. Constantius akalisahau agano. Alikwenda Roma kwa shuguli zake, akaweka vyombo rehani kwa mkopeshaji feza, Silvanus, akapata zahabu. Baadaye Attila na Bleda walimshuku kwa uhaini, wakamtundika. Kisha Attila akapata habari ya vyombo, akadai Silvanus atolewe kwake kama mwizi wa mali ya mfalme. Silvanus alikuwa amekwisha kuviuza kwa mapadri wa Roma, kwa maana, alisema, si halali watu wa kawaida watumie vyombo vilivyowekwa kwa Mungu. Katika mwaka wa 449 wajumbe wa Kaisari wa magaribi walisafiri mpaka kwa Attila kwa ajili ya shauri hilo.

Habari hii inatuchoma. Wote, mshenzi na Mroma, walibishana miaka mingi juu ya vyombo, na walikuwa waangalifu kabisa kwamba mlei asinywe ndani yake. Mateka wa Sirmium, ambao kwa ajili yao vilitolewa altareni, hakuna aliyewataja. Lakini yule askofu mwenyewe alifanya sawa. Mtakatifu Ambrosi wa Milano alivunja vyombo vya kanisa lake baada ya vita ya Adrianople ili akomboe mateka, na alipolaumiwa alijitetea kwa maandishi, akisema kwamba zahabu ya Eklezya ni kwa ajili ya wahitaji.

Attila peke yake

Bleda alikufa karibu mwaka wa 445. Waandishi wanasema Attila ndiye aliyemwua. Mwezi wa Januari 447 tetemeko la inchi liliangusha sehemu ya maboma ya Konstantinopoli na minara 57. Watu wa mji, kwa hofu, waliyajenga tena katika siku 60. Attila hakuingia mji huo, lakini aliharibu inchi mpaka Thermopylae katika Ugiriki. Amani za miaka ile zilikuwa za bei kali: ratili 6000 za deni, ratili 2100 kila mwaka, ndiyo kusema karibu kilo 700, na sarafu kumi na mbili kwa kila mateka aliyetoroka. Tena Attila alidai kwamba ukanda wa inchi kusini ya Danube, wenye upana wa safari ya siku tano, uachwe bila watu.

Mji wa Naissus, alikozaliwa Kaisari Konstantino Mkuu, ulikuwa ndani ya maangamizi hayo. Mwaka wa 449 Priscus alipita hapo pamoja na ubalozi wa Maximinus. Mji ulikuwa mtupu, isipokuwa wagonjwa wachache waliobaki katika nyumba za wageni za kanisa. Walitafuta mahali pasafi pa kupiga hema mbali kidogo na mto, kwa kuwa kando ya maji palijaa mifupa ya waliouawa. Nani aliwalisha wagonjwa wale, Priscus hakuandika.

Priscus ndiye shahidi wetu bora, kwa maana aliketi mezani pa Attila. Wageni walikula katika sahani za feza, wakanywa katika vikombe vya zahabu na feza. Mfalme alikula nyama katika sahani ya mti na kunywa katika kikombe cha mti, na mavazi yake yalikuwa safi tu, bila pambo. Kwa kufanya hivyo alionyesha kwamba zahabu ni kitu anachowapa wengine. Huko Priscus alimwona pia mateka wa Sirmium, fundi wa majengo, aliyemjengea Onegesius, mkubwa wa pili baada ya Attila, nyumba ya kuogea, akitumaini kupewa uhuru wake. Kazi ilipokwisha alifanywa mtumishi wa kuogesha.

Tena alikutana na mtu aliyevaa Kihun lakini akamsalimu kwa Kigiriki. Alikuwa mfanyabiashara wa Viminacium, alitekwa, akapigana vizuri upande wa Wahun, akapata uhuru, mke na watoto kwao. Mtu huyu alisema maisha yake mapya yanapita yale ya zamani: kwa Waroma kodi hazina mwisho, na mbele ya mwamuzi tajiri hapati azabu, na maskini hasikilizwi asipotoa matabishi. Priscus alizitetea sheria za Roma kwa maneno marefu. Mwishoni yule mtu alilia, akasema: sheria ni nzuri, ila wanaotawala wanaziharibu.

Katika safari hiyohiyo, Maximinus na Priscus wasijue, Chrysaphius, mtumishi mkubwa wa Kaisari, alikuwa ametoa ratili 50 za zahabu ili Edeco, mlinzi wa Attila, amwue bwana wake. Edeco alimwambia Attila yote. Attila hakuwaua wajumbe. Alimtuma Orestes, mwandishi wake, Konstantinopoli, na mfuko ule wa zahabu shingoni, amwulize Chrysaphius kama anautambua.

Wakati huo mamlaka ya Attila ilienea kutoka mbuga za kaskazini ya Bahari Nyeusi mpaka karibu na Rhine. Lakini tukitafuta sheria zake, feza yake, au watawala aliowaweka katika miji, hatupati kitu. Tunapata wafalme waliomtii, kama Ardaric wa Wagepidi na Valamir wa Wagoti, na zahabu iliyowafanya watii. Mwaka wa 2022 wachunguzi walioipima miti ya kale ya Ulaya ya kati walionyesha kwamba miaka ya 430 mpaka 450 ilikuwa na ukame mara nyingi. Pengine njaa ya mifugo ilizidisha njaa ya zahabu.

Galia na Italia

Mwaka wa 450 Theodosius alianguka juu ya farasi akafa. Kaisari mpya Marcian alikataa kulipa. Attila aligeukia magaribi, ambako Honoria, ndugu wa Kaisari Valentinian wa Tatu, alikuwa amempelekea pete yake kuomba msaada; Attila aliitumia pete hiyo kama sababu ya kudai nusu ya inchi. Mwaka wa 451 alivuka Rhine. Mji wa Metz ulichomwa mkesha wa Paska. Orléans ulishikiliwa na askofu wake, Mtakatifu Aniano, mpaka Aetius alipofika na mfalme wa Wagoti, Theodoric. Vita kubwa ikapiganwa katika nyanda za Galia, upande wa Châlons na Troyes. Theodoric aliuawa, Attila alirudi nyuma ya magari yake, kisha akaondoka. Pande zote mbili walikuwa Wagoti, Waalani, Wafranki: ndugu juu ya ndugu. Hata Mtaguso Mkuu wa mwaka ule uliguswa: Marcian aliuhamisha kutoka Nicaea mpaka Chalcedon, apate kuwa karibu na mji wake, maana Wahun walikuwa wakisumbua Iliriko. Kumbe mahali paliposomwa barua ya Papa Leo juu ya hali mbili za Kristu palichaguliwa pia kwa sababu ya Attila.

Mwaka wa 452 aliingia Italia. Aquileia ulianguka baada ya kuzungukwa muda mrefu. Milano ukatekwa. Humo Attila aliona picha ya Makaisari juu ya viti vya zahabu, na maiti za washenzi miguuni pao. Akaagiza mchoraji achore nyingine: yeye juu ya kiti, na Makaisari wakimwaga zahabu kutoka mifuko mbele yake. Kwa hesabu za Konstantinopoli, picha ya pili ilikuwa karibu na ukweli.

Kando ya mto Mincio Papa Leo alimkuta, pamoja na wakubwa wawili wa serikali, Avienus na Trygetius. Prosper wa Akwitania, aliyeishi wakati uleule, anaandika kwamba Leo alitumainia msaada wa Mungu, na kwamba mfalme alifurahi kumwona akaamuru vita ikome. Hydatius, askofu wa Galicia, naye wa wakati ule, anataja njaa na ugonjwa katika jeshi la Wahun, na askari waliotumwa na Marcian. Mitume wenye panga angani hawamo kwa Prosper wala kwa Hydatius. Hadisi ilikua baadaye, na Raphael aliichora Vatikano mwaka wa 1514. Tunaomba makatekista wasione kwamba tunamnyanganya Leo utukufu wake. Mzee asiye na silaha kwenda mbele ya mtu aliyechoma Aquileia, bila kujua kwamba njaa imekwisha kulichosha jeshi lake, hilo ni kubwa kuliko kwenda akisindikizwa na panga za mbinguni. Miaka mitatu baadaye alimlaki vilevile Genseric, mfalme wa Wavandali. Mara ile mji uliporwa siku 14, na Leo hakuwa mtu mwingine.

Vilevile jina la Fimbo ya Mungu halionekani kwa waandishi walioishi siku za Attila. Limekuja katika maandishi ya baadaye. Mtakatifu Isidoro wa Sevilla, katika karne ya 7, aliwaita Wahun fimbo ya hasira ya Mungu, akifuata nabii Isaya aliyesema hivyo juu ya Waashuru. Anayelitumia jina hilo katika mahubiri akumbuke kwamba Isaya hakuishia kwenye fimbo. Alihesabu kwanza maovu ya waamuzi wa Yerusalemu. Nasi, kabla ya kufika kwa Attila, tutahesabu imbwa wa Lupicinus.

Mwaka wa 453 Attila alioa mke mwingine, Ildico. Alikunywa sana usiku ule, damu ikamtoka puani, ikamsonga katika usingizi. Asubui alikutwa maiti, na bibi arusi analia. Wanawe walitaka kugawana mataifa kama mtu anavyogawa watumwa. Ardaric, aliyekuwa rafiki mkuu wa baba yao, akaasi, na wengine wakamfuata. Mwaka wa 454, kando ya mto Nedao katika Pannonia, Ellac, mwana mkubwa, aliuawa. Dengizich alijaribu tena upande wa Danube; mwaka wa 469 kichwa chake kilionyeshwa katika njia za Konstantinopoli. Ernak, mdogo, aliomba kwa Kaisari mahali pa kukaa karibu na midomo ya Danube, akapewa.

Orestes, yule wa mfuko wa zahabu, alirudi kwa Waroma akapanda cheo katika jeshi la Italia. Mwaka wa 475 alimweka mwanawe kuwa Kaisari. Mtoto huyo aliitwa Romulus, na watu wakamwita kwa dhihaka Augustulus, Augusto mdogo. Mwaka uliofuata aliondolewa, na baada yake hapakuwekwa Kaisari mwingine katika Italia.